Ukoo wa Singer wa Ami Yangu

Ami yangu ni fundi cherehani wa Ngamiani, mjini Tanga, mtu mpole anayeweza kushindwa katika ubishi wowote wa mpira, siasa au bei ya samaki bila kukasirika, lakini kuna jambo moja ambalo hajawahi kulilegezea kamba: kwamba kila kitu duniani chenye jina la Singer kimetoka katika nyumba moja, kwa baba mmoja, na kwamba baba huyo ndiye aliyetengeneza cherehani iliyoko barazani kwake. Mimi ni mwalimu wa hisabati, na kwa kuwa ndiye ninayemwandikia barua zake na ujumbe wake wa simu, niliwahi kumwonyesha kwa karatasi na kalamu kwamba watu wawili wanaweza kuwa na jina moja la ukoo bila kuwa na hata tone moja la damu ya pamoja. Alinisikiliza mpaka mwisho, akanishukuru, kisha akaniuliza kama nimewahi kumkuta mtu anayetumia jina la babu yetu naye si wa kwetu. Mwaka 2009 imani yake hiyo nusura ituharibie Idi.

Cherehani yenyewe ni ya kukanyaga, nyeusi, yenye michoro ya dhahabu ya Sfinksi wa Misri ambayo imefutika pale tu mkono wa fundi unapopita. Haina bobini ya duara kama cherehani za siku hizi. Ukitelezesha bamba la mbele kwa kidole gumba, unakuta chini yake kidude cha chuma kinachong'aa, kisichozidi urefu wa kidole, kilichochongoka upande mmoja, ambamo hulazwa bobini nyembamba yenye uzi wa chini. Fundi anapokanyaga, kidude hicho huenda na kurudi kikipenya kwenye kitanzi cha uzi wa sindano, na hapo ndipo mshono unapofungwa. Kikikosekana, sindano itapanda na kushuka mchana kutwa na kitambaa kitatoka na matundu tu. Nakieleza kwa kirefu kwa sababu ndicho kilichopotea, na karibu yote yaliyotupata baadaye yalitokana na ugumu wa kukieleza kwa mtu aliye mbali.

Balaa lilianzia Saudia. Mwezi wa Aprili mwaka huo ulienea huko uvumi kwamba cherehani za zamani za Singer zina zebaki nyekundu, kitu ambacho hakuna maabara iliyowahi kuthibitisha kuwa kipo, lakini ambacho wenye kukiamini husema kinaita majini, kinaonyesha hazina zilizofukiwa na, kwa wale wasiopenda mambo ya majini, kinatengeneza bomu la nyuklia. Ziliandikwa habari za watu waliokuwa tayari kutoa hadi riyali 200,000 kwa mashine moja, ambazo kwa wakati ule zilikaribia shilingi milioni 70 za Tanzania, na kuna maduka ya mafundi yaliyovunjwa yakaibiwa cherehani. Namna ya kupima ilikuwa rahisi hata kwa asiyesoma: unapiga simu, unaisogeza karibu na sindano, na mazungumzo yakikatika ghafla, zebaki imo.

Habari hizo zilitufikia kupitia jamaa yetu aliyekuwa akifanya kazi Jeddah, naye alizieleza kwa sauti ya mtu ambaye tayari ameshapata mnunuzi. Jioni ile ile baraza ya ami ilijaa watu. Ami aliweka vocha ya shilingi elfu moja, akapiga Jeddah, akasalimia kwa utaratibu wake wote, kwa maana hajawahi kumkatiza mtu salamu hata anapomlipia yeye, kisha akaishusha simu taratibu mpaka ikakaribia kugusa sindano. Kimya. Simu ilikatika. Watu walipiga takbiri, na mwenye duka la jirani, ambaye hata cherehani hana, alikumbatia nguzo.

Niliichukua simu nikasoma ujumbe ulioingia, ambao ulieleza kwa Kiswahili fasaha kuwa salio la mpigaji limekwisha. Niliusoma kwa sauti, mara ya pili nikausoma kwa sauti kubwa zaidi. Ami aliniambia nisiwasomee watu ujumbe wa kampuni wakati wana mambo ya maana ya kuzungumza. Bibi peke yake ndiye aliyenielewa. Alitoka ndani na ushanga wake wa tasbihi, akauliza kama tukishauza cherehani tutakula zebaki, hakujibiwa, akarudi ndani.

Kesho yake alikuja kijana mmoja aliyejitambulisha kuwa mtaalamu wa madini. Alivaa miwani ya jua hata ndani ya nyumba, na alikuwa na sumaku, bisibisi na lenzi ya kukuzia. Aliifungua cherehani ya babu kipande kwa kipande na kuzipanga skrubu juu ya mkeka kuanzia kubwa hadi ndogo, jambo lililomridhisha kila mtu kwamba huyu ni msomi. Alipokifikia kile kidude cha chini alikinyanyua kwenye mwanga, akakinusa, akakizungushia karatasi ya pakiti ya sigara na kusema kwamba hiki ndicho cha kupelekwa kupimwa. Aliomba nauli ya Dar es Salaam, akapewa, pamoja na ya chakula cha njiani. Hatujamwona tena. Mpaka leo sielewi kwa nini mtu ambaye angeweza kuondoka na cherehani nzima huku akisindikizwa kwa heshima, aliridhika na nauli ya basi na kipande cha chuma kinachojaa ngumi.

Uvumi ulikufa upesi, lakini ulituachia shida ya aina yake. Wauza vipuri wa mjini, ambao kabla ya hapo walikuwa wakitupa vitu vya Singer ndani ya mabeseni pamoja na misumari iliyopinda, walikuwa wamevificha vyote wakisubiri matajiri kutoka Uarabuni. Ukiuliza kidude cha Singer, unaangaliwa kama mtu anayeuliza pembe za ndovu. Ami alilazimika kuazima usiku cherehani ya Butterfly ya jirani yake na kuirudisha alfajiri, akishona huku akiilalamikia kana kwamba ni mke wa pili aliyelazimishwa. Hatimaye akaamua kwamba kipuri kitafutwe kule kule kinakotoka, yaani Uingereza, kwa kuwa kwenye bamba la cherehani yetu kuna neno linaloonyesha kuwa ilitengenezwa Clydebank, Uskoti, katika kile kiwanda kilichofunguliwa katika miaka ya 1880 na kufungwa mwaka 1980, ambacho kiliacha nyuma yake kituo cha treni ambacho hadi leo kinaitwa Singer.

Uingereza tunaye mtoto wa shangazi. Kwa bahati yake na yetu, anaishi Coventry.

Ujumbe wa kwanza ami aliutunga mwenyewe, mimi nikabonyeza tu. Ulisema hivi: "Mwanangu, tutafutie kipuri cha Singer ya zamani. Kile cha chini kinachokwenda na kurudi. Bila hicho haitembei. Wateja wanasubiri." Nilipendekeza tuongeze neno "cherehani". Ami alinitazama kwa huruma, akasema ukishasema Singer umeshasema cherehani, na mtu akiongeza neno lisilo na kazi ni kama kumwambia mwenzake alete maji ya majimaji. Ujumbe ulikwenda kama ulivyo.

Baada ya muda kilifika kifurushi kilichokuwa kizito kiasi kwamba tulikileta nyumbani kwa mkokoteni. Ushuru wake ami aliulipa bila kunung'unika, kwa sababu uzito ule ulimthibitishia kuwa Waingereza hawatengenezi vitu vya kubahatisha. Alikifungua mbele ya wateja. Ndani yake, katika tabaka za magazeti, ililala shokapu ya gari, nyeusi, imepakwa grisi upya na kufutwa vizuri. Pamoja nayo ilikuwepo karatasi ya binamu yangu, ambayo nilitakiwa niisome kwa sauti. Aliandika kwamba alikuwa amemwuliza jirani yake, mzee wa Kiingereza aliyestaafu katika viwanda vya magari vya mji huo, na mzee yule almanusura atokwe na machozi aliposikia kwamba huko Tanga kuna familia ambayo Singer yao bado inatembea. Alikwenda kwenye banda lake la uani, akatoa kipuri hicho cha Singer Gazelle, akakataa kulipwa. Alikuwa na maswali mawili: gari letu ni la mwaka gani, na je, bodi imeshika kutu?

"Mwambie haina kutu," alisema ami.

Karatasi iliendelea kwamba mzee anasisitiza vibadilishwe vyote viwili kwa pamoja, cha kulia na cha kushoto, la sivyo itakuwa inaegemea upande mmoja.

Ami aliinama akatazama chini ya cherehani kwa muda mrefu. "Vyote viwili," alisema. "Hicho cha pili kinakaa wapi?"

Siku hiyo nilikwenda kwenye duka la intaneti, nikakaa mpaka fedha zikanitoka, nikarudi na daftari lililojaa. Nilidhani hoja ingekwisha jioni ile ile. Nilimweleza ami kwamba Singer wa magari ni George Singer, mwenyeji wa kusini mwa Uingereza aliyeanzisha kiwanda cha baiskeli Coventry katika miaka ya 1870 na baadaye akawa meya wa mji huo. Kwamba kampuni yake iliingia kwenye magari mwaka 1905, ikanunuliwa na kampuni ya Rootes mwaka 1956, na jina likaachwa kabisa mwaka 1970. Nilimweleza hata kwamba wafanyakazi wa kiwanda hicho cha baiskeli ndio walioanzisha mwaka 1883 timu ya mpira iliyoitwa Singers F.C., ambayo mwaka 1898 ilibadilisha jina na kuwa Coventry City. Singer wa cherehani, nikamwambia, ni mtu mwingine kabisa: Isaac Merritt Singer, Mmarekani, mwigizaji wa jukwaani aliyekuwa akitembea na kundi lake la maigizo kabla ya kupata hataza ya cherehani mwaka 1851. Kazi ya fedha aliifanya mshirika wake, mwanasheria Edward Clark, ambaye mwaka 1856 alianza kuuza mashine kwa malipo ya kidogo kidogo, na ndiyo maana babu, aliyekuwa hana kitu, aliweza kuwa na yake. Isaac na George hawakuwa ndugu, hawakuwa washirika, na sikuona popote palipoandikwa kuwa waliwahi hata kupeana mkono.

Ningenyamaza hapo ningeshinda. Lakini mwalimu akishika daftari husoma mpaka mstari wa mwisho, na mstari wa mwisho ulisema kwamba Isaac Singer alizaa na wanawake mbalimbali watoto wanaohesabiwa kufika 24.

Niliuona uso wa ami ukichangamka. "Ishirini na wanne," alisema polepole, akiweka mkasi chini. "Na wewe, mwalimu, umefuatilia kila mmoja alikokwenda?"

Sikuwa nimewafuatilia wote, na wale niliokuwa nimewafuatilia walizidi kunidhoofisha. Binti yake mmoja, Winnaretta, aliolewa na mwana wa kifalme huko Ufaransa na kutumia mali yake kuwalipa watunzi wa muziki. Mmoja wa kiume aliitwa Paris, kama mji, na alijihusisha na majumba ya kifahari huko Florida. Mwingine, Mortimer, alikuwa miongoni mwa watu wa mwanzo kupenda maputo na ndege. Ami aliposikia la ndege aligeuka kuwatazama wateja wake kama wakili mbele ya baraza la wazee. "Mmoja ameruka angani," alisema, "na huyu kijana wangu anataka kumkatalia mwenzake gari."

Nilijaribu kumrudisha kwenye kampuni badala ya ukoo. Nilimweleza kuhusu jengo la Singer la New York, lililokamilika mwaka 1908 likiwa na urefu wa meta 187, ambalo lilikuwa refu kuliko majengo yote duniani kwa takriban mwaka mmoja na likabomolewa mwaka 1968. Hilo alilipokea kama jambo alilolijua siku zote. Kisha nikataja, kwa kupita tu, kwamba mwaka 1941 kampuni hiyo ilitengeneza bastola 500 kwa ajili ya jeshi la Marekani.

Ami alishusha sauti. "Bastola?"

"Ndiyo, ami."

"Basi zebaki ilikuwemo."

Nilibakiwa na turufu moja, na hiyo niliiona ya kwangu kwa sababu ya kazi yangu. Alikuwepo mwanahisabati aliyeitwa Isadore Singer, mzaliwa wa Detroit, mtoto wa wahamiaji kutoka Poland, ambaye mwaka 1963 pamoja na Mwingereza Michael Atiyah walitangaza nadharia inayounganisha matawi ya hisabati ambayo watu walidhani hayajuani, na mwaka 2004 wakapewa kwa pamoja Tuzo ya Abel. Nilimwuliza ami kwa upole kama kweli anaamini kwamba mtu kama huyo naye ni wa ukoo wa cherehani. Hakufikiri hata kidogo. Alivuta kanzu iliyokuwa mapajani mwake, akaninyooshea pindo lake. "Wewe unafundisha mistari," aliniambia. "Mshono ulionyooka namna hii unadhani umetoka wapi kama hapakuwa na mtu wa hesabu nyumbani?" Wateja walicheka, na mimi, naona haya kusema, nilipigwa na ubora wa swali lile.

Ujumbe wa pili ulikuwa wa pamoja. Mimi nilisimamia kwamba ielezwe wazi kuwa si gari, na ami akasimamia kwamba tusiwasumbue tena watoto wakati baba yupo. Alitaka pia kitabu cha maelekezo, ili tulijue jina la kile kidude kwa Kiingereza na tuache kukieleza kwa mikono. Ukaandikwa hivi: "Si gari. Ni Isaac Singer mwenyewe. Na kitabu chake kama kipo kilete." Neno la cherehani lilikataliwa kwa mara nyingine, kwa sababu ile ile.

Binamu yangu si mjinga, na kusema kweli alitii alichoambiwa herufi kwa herufi. Aliingia katika duka la vitabu vilivyotumika, akaomba kitabu cha Isaac Singer, na mwenye duka alimpeleka moja kwa moja mpaka kwenye rafu, kwa sababu Isaac Singer anayejulikana katika maduka ya vitabu si wa cherehani. Ni Isaac Bashevis Singer, mzaliwa wa Poland aliyehamia New York na kuendelea kuandika hadithi zake kwa Kiyidi, akapata Tuzo ya Nobel ya fasihi mwaka 1978. Na kwa kuwa rafu zile zimepangwa kwa majina ya ukoo, kando yake alikaa Peter Singer, mwanafalsafa wa Australia aliyefundisha Chuo Kikuu cha Princeton hadi mwaka 2024, ambaye kitabu chake cha mwaka 1975 ndicho kilichowafanya watu wengi ulimwenguni wajiulize upya juu ya haki za wanyama. Mwenye duka alimwuzia vyote viwili kwa bei ya kimoja. Binamu aliongeza na skafu ya Coventry City, ya rangi ya samawati, kwa maelezo kwamba nayo imetokana na Singer. Mzigo ulikuja mkononi kwa mama mmoja aliyekuwa akirudi nyumbani kwa ajili ya Idi ya kuchinja, mwishoni mwa Novemba. Kidude hakikuwemo.

Ami hakuhuzunika. Alivipima vile vitabu mkononi, akasema kwamba kile kitabu cha maelekezo cha zamani, ambacho panya walikila, kilikuwa na kurasa chache tu. Kama sasa zimefika mamia, maana yake wameongeza mambo. Mdogo wangu, aliyekuwa amemaliza mtihani wa kidato cha nne na hana shughuli, aliwekwa kwenye kigoda barazani asome na kutafsiri. Upande mmoja walikaa wateja waliokuja kuulizia kanzu zao. Upande mwingine walijipanga watoto wote wa nyumba ile, na nyuma yao, kwenye mwarobaini, alifungwa beberu wa Idi, akitafuna maganda ya ndizi.

Alianza na mshindi wa Nobel. Ilikuwa hadithi ya mji mdogo wa Poland, na ami aliivumilia kwa adabu, akiuliza mara kwa mara kama tumeshafika kwenye uzi. Tatizo lilianzia kwenye maelezo ya mwandishi, ambamo mdogo wangu aligundua kwamba bwana yule alikuwa ameacha kabisa kula nyama. Nilichangia nilichokuwa nimekisoma: husimuliwa kwamba alipoulizwa kama aliacha nyama kwa ajili ya afya, alijibu kuwa ndiyo, kwa ajili ya afya ya kuku. Watoto walilipenda sana jibu hilo.

Kisha kikafunguliwa cha pili. Mdogo wangu anasoma vizuri, na Kiswahili chake cha kutafsiri kina huzuni ya asili. Alieleza hoja ya mwanafalsafa yule kwamba tusiulize kama kiumbe anaweza kufikiri au kusema, bali tuulize kama anaweza kuumia. Na kwamba kama anaweza kuumia, maumivu yake yana haki ya kuhesabiwa sawa na maumivu ya mtu. Baraza ilinyamaza. Beberu, ambaye kwa siku zote alizokuwa kwetu hakuwahi kuchagua wakati mzuri wa kufanya lolote, akalia.

"Haijafika kwenye uzi?" aliuliza ami.

"Bado, ami."

"Endelea."

Mtoto wa mwisho wa nyumba alikuwa ameshaanza kufuta machozi kwa kanga ya mama yake. Mdogo wangu alipofikia sehemu inayoeleza jinsi wanyama wanavyofugwa viwandani huko Ulaya na Marekani, ami alitambua kwamba hiki si kitabu cha maelekezo, akakifunga kwa mkono wake. Aliuliza kama ni kweli kwamba waandishi wote wawili wanakataa nyama. Nilimjibu kwamba ni kweli.

"Wawili," alisema, akihesabu kwa vidole. "Basi hao ni wa mama mmoja."

Usiku wa kuamkia Idi beberu alitoweka. Kamba ilibaki kwenye mwarobaini, imefunguliwa kwa fundo safi, si kukatwa. Watu wazima walizunguka mtaa mzima na tochi, huku watoto, ambao kwa kawaida hawalali usiku huo kwa furaha, wakikoroma kwa pamoja kwa namna ambayo haijawahi kusikika katika nyumba ile. Alfajiri Bibi aliamka kwa ajili ya sala, akasikia kitu kikitafuna ndani ya chumba cha kazi cha ami, ambako nguo zilizokamilika huning'inizwa zikisubiri wenyewe. Alifungua mlango. Beberu alikuwa humo tangu saa za usiku, amepewa maji katika bakuli la udongo na kutandikiwa vipande vya kitambaa alalie. Hakuvilalia. Alikuwa amekula mkono mmoja wa kanzu mpaka kwenye kiwiko, kisha akapanda akatafuna darizi yote ya shingoni.

Kanzu zilizokuwa chumbani mle zilikuwa nyingi, za watu wakubwa kwa wadogo, nyingine za vitambaa vya gharama ambavyo ningeelewa mnyama akivitamani. Alikula yangu.

Saa ya kwenda kuswali ilikuwa imekaribia na hapakuwa na wakati wa kushona chochote, hata kama cherehani ingekuwa nzima. Bibi alinitolea sandukuni kanzu ya marehemu babu, mtu aliyekuwa mfupi kuliko mimi kwa kiasi cha kutosha kunifanya nionekane nimejiandaa kuvuka mto, na kwa kuwa nondo walikuwa wameila mabegani, alinifunika kwa kitu cha kwanza alichokiona chenye urefu wa kutosha. Kwa hiyo niliingia katika viwanja vya sala ya Idi, katika joto la Tanga la mwezi Novemba, nikiwa nimejitanda skafu ya sufi ya Coventry City. Wanafunzi wangu walikuwepo, na walinitazama kwa makini ambayo sijawahi kuyapata katika somo la vipeo. Mzee aliyeketi nyuma yangu aliniuliza kwa kunong'ona hiyo ni timu ya wapi. Nilimweleza kwamba ni timu ya wafanyakazi wa kiwanda cha baiskeli cha Singer, ya mwaka 1883. Alisema mashallah, hata yeye cherehani yake ni Singer.

Kesi ya beberu ilisikilizwa na Bibi, ambaye hakuwa na muda na falsafa. Aliwaambia watoto kwamba aliyekula kanzu ya mwalimu ameshapoteza wakili, na beberu akachinjwa siku ya pili ya Idi, kwa kisu ambacho ami, nilivyoona, alikinoa kwa muda mrefu kuliko kawaida ili asimwumize. Mtoto wa mwisho alisusa chakula. Alisusa mpaka ilipofika biriani.

Kidude nacho kilipatikana pale pale mjini. Matajiri wa Uarabuni hawakutokea, wauza vipuri walichoka kungoja, na mmoja wao alirudisha beseni lake lote njiani, limejaa vidude vya Singer vya kila umbo, kwa bei iliyokuwa ndogo kuliko ya soda. Ami alichagua kimoja, akakijaribu kwa kidole, akakitumbukiza chini ya bamba, na cherehani ikatembea. Shokapu hakuitupa. Huiweka juu ya vitambaa anapokata, ili upepo wa bahari usivipeperushe, na mteja mgeni akiuliza ni kitu gani, huambiwa ni kipuri halisi kutoka kiwandani.

Mdogo wangu sasa anafanya kazi Dar es Salaam, na alipokuja likizo alimwonyesha ami katika simu yake picha za kampuni nyingine ya California, iliyoanzishwa mwaka ule ule wa 2009, ambayo huchukua magari ya zamani ya Porsche 911 na kuyatengeneza upya kwa mikono, kila mshono wa ngozi ya viti vyake ukionekana. Inaitwa Singer, kwa heshima ya Norbert Singer, mhandisi wa Kijerumani ambaye magari aliyoyasimamia yalishinda mara nyingi mashindano ya Le Mans. Nilikaa kimya, kwa maana nimeshajifunza. Ami alivaa miwani, akaikuza picha ya viti kwa vidole viwili, akaichunguza ile mishono mmoja mmoja na kusema kwamba hiyo ni kazi ya nyumbani kabisa. Aliuliza bei. Mdogo wangu alimwambia kwamba gari moja huzidi dola 500,000.

Ami alinigeukia mimi, mwandishi wake. "Waandikie," alisema. "Waulize kama bado wanauza kwa kidogo kidogo. Na uwaambie kwamba shokapu moja tunayo."